Cher, Besi na Umeme wa Mwanza

Huku Kanda ya Ziwa ukimtaja Cher, watu wanakumbuka "Believe" ya 1998, ule wimbo ambao sauti yake ilipitishwa kwenye mashine ikatoka imekunjwakunjwa kama ya roboti. Wenye umri mkubwa zaidi watakutajia "I Got You Babe" ya 1965, aliyoimba na Sonny Bono, mwenzi wake wa wakati huo. Kati ya hizo mbili ipo santuri ambayo hata wapenzi wake wa kweli huipita: 3614 Jackson Highway, iliyotolewa na lebo ya Atco mwaka 1969. Kwenye orodha ya Billboard ya albamu 200 ilifika namba 160, ikaishia hapo. Kwangu mimi ndiyo kazi ambayo sauti ya Cher inasikika jinsi ilivyo, nzito, ya chini, isiyo na mapambo. Na nimeshaamini kwamba wengi wanaosema ni albamu ya kawaida hawajaisikia. Wameicheza, lakini hawajaisikia.

Imejengwa kama nyumba zetu za milimani kule Igogo na Mabatini: kila kitu kimekaa juu ya jiwe. Jiwe lenyewe ni besi na ngoma. Ukiicheza kwa kifaa kisichofikisha sauti za chini, unabaki na mabati tu yanaelea hewani, na mwanamke anaimba nyimbo za watu wengine. Ndiyo maana nusu ya maelezo haya ni ya muziki na nusu ni ya nyaya, sindano na maji ya kuoshea. Huwezi kuyatenganisha.

Jina la albamu ni anuani ya studio. 3614 Jackson Highway ipo Sheffield, jimbo la Alabama, Marekani, mji uliokaa kando ya Mto Tennessee. Jengo ni dogo, lilishawahi kutumika kwa biashara ya majeneza. Mwaka 1969 wapigaji wanne walijitoa kwenye studio ya FAME, iliyokuwa jirani, wakaanzisha yao: Roger Hawkins wa ngoma, David Hood wa besi, Jimmy Johnson wa gitaa na Barry Beckett wa kinanda. Walikuwa Wazungu wa vijijini kusini, lakini walikuwa wamepigia soul ya Weusi mpaka waimbaji waliofika kwa mara ya kwanza walishangaa kuwaona sura. Hawkins na Johnson walikuwemo studio mwaka 1967 Aretha Franklin aliporekodi "I Never Loved a Man (the Way I Love You)". Albamu ya Cher ndiyo ya kwanza kurekodiwa katika jengo hilo jipya. Desemba ya mwaka huohuo wakaja Rolling Stones, na hapo ndipo dunia ikaijua studio. Cher alikuwa ameshapita.

Tazama kava lake kwa makini ukilipata. Cher hakupigwa picha peke yake kwa pozi la nyota. Amesimama mbele ya jengo na watu wote waliofanya kazi: wapigaji, waitikiaji, maprodyuza, na Sonny yumo. Namba ya anuani imeandikwa kwa herufi kubwa juu ya jengo. Ni picha ya bendi, na ndivyo inavyopaswa kusikilizwa, kama unavyosikiliza bendi ya dansi ambapo hujui nani mkubwa kati ya mwimbaji na mpiga solo.

Maprodyuza walikuwa watatu wa Atlantic, kampuni mama ya Atco: Jerry Wexler, Tom Dowd na Arif Mardin. Wexler aliugua kazi ikiwa inaendelea, mzigo mwingi ukawaangukia wenzake wawili. Watatu haohao mwaka mmoja nyuma walikuwa wamempeleka Mwingereza Dusty Springfield mjini Memphis, wakatoa Dusty in Memphis, ambayo nayo haikupita namba 99 Marekani ilipotoka, ingawa leo inaheshimiwa kila mahali. Kisha wakamchukua Lulu, naye akarekodi Muscle Shoals, eneo hilohilo la Sheffield, albamu yake New Routes ya 1970. Mbinu ilikuwa moja: chukua mwimbaji wa kike wa pop, mtoe kwenye vinanda vingi na matarumbeta ya mjini, mweke katikati ya wapigaji wachache wanaojua kukaa kimya. Kwa Dusty ilitambuliwa baadaye. Kwa Cher bado.

Alikuwa na miaka 22 au 23 tu, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa Machi mwaka huohuo. Albamu zake nyingi za nyuma zilikuwa mikononi mwa Sonny, na Sonny alipenda kujaza: ngoma juu ya ngoma, mwangwi juu ya mwangwi. Hapa nafasi imeachwa wazi. Hood hapigi noti nyingi. Anaweka moja, anaiacha izime, ndipo anaweka nyingine, na Hawkins anachelewa kidogo nyuma ya mdundo kama mtu asiye na haraka ya kufika. Sauti ya Cher inaangukia kwenye hizo nafasi.

Nyimbo ni 11, na karibu zote zilishaimbwa na watu wengine. Hilo ndilo lililowaponza wengi kudhani ni albamu ya kunakili. Inaanza na "For What It's Worth" ya Stephen Stills, wimbo uliozaliwa na vurugu za vijana na polisi katika mtaa wa Sunset Strip, Los Angeles, mwishoni mwa 1966. Sonny na Cher walisimama upande wa vijana wale, na kwa sababu hiyo waliondolewa kwenye gwaride la maua la Pasadena la Januari 2, 1967. Kwa hiyo Cher hakuuchukua kama wimbo wa kukodi. Nyimbo tatu ni za Bob Dylan, zote kutoka Nashville Skyline, iliyotoka Aprili 1969; yaani walizikamata zikiwa bado za moto. "Lay Lady Lay" imegeuzwa kuwa "Lay Baby Lay" kwa kuwa anayeimba ni mwanamke. Ipo "Cry Like a Baby" ya Dan Penn na Spooner Oldham. Ipo "Do Right Woman, Do Right Man", ambayo Aretha aliianzia pale FAME mwaka 1967.

Halafu ipo "I Walk on Guilded Splinters" ya Dr. John, mwanamuziki wa New Orleans. Ya mwenyewe ina dakika zaidi ya saba, ya mnong'ono na moshi. Ya Cher haifiki nusu ya hapo. Watu husema amethubutu kuvamia uganga wa New Orleans, lakini hakuwa mgeni: Dr. John alishawahi kupiga kwenye bendi ya Sonny na Cher, na albamu yake ya kwanza ilirekodiwa kwa muda wa studio uliobaki kwenye kazi zao. Ni mambo ya nyumbani hayo.

Wimbo unaofaa kuanzia kwa mtu wa Mwanza ni "(Sittin' On) The Dock of the Bay". Otis Redding aliurekodi siku chache kabla ya kufa. Ndege yake ilianguka katika Ziwa Monona, Wisconsin, Desemba 10, 1967. Ni wimbo wa mtu aliyekaa gatini akitazama meli zikiingia na kutoka, hana pa kwenda. Mtu aliyewahi kukaa Kirumba pale Mwaloni jioni, mitumbwi ikiingia na mingine ikitoka na taa zake kwenda kuvua dagaa, hahitaji kutafsiriwa. Cheza wa Otis kwanza, wenye mawimbi na mluzi mwishoni, kisha wa Cher mara moja bila kupumzika. Otis anaukubali uchovu wake. Cher anausema kwa ukali kidogo, kama mtu ambaye bado hajakubali. Tofauti hiyo utaisikia tu kama besi ipo, kwa sababu sauti yake imelalia juu ya besi moja kwa moja.

Na hapa tuingie kwenye vifaa.

Njia ya wengi ni simu. Spika ya simu haitoi cha maana chini ya herzi 300 hivi, yaani mitetemo 300 kwa sekunde. Waya mzito wa gitaa la besi unalia kwa herzi 41, na sehemu kubwa ya anachopiga Hood iko kati ya 40 na 200. Kwa hiyo kwenye simu hujasikia besi hafifu, hujasikia besi kabisa. Sikio lako limekisia tu kutoka kwenye mabaki ya juu. Vaa spika za masikioni, hata za bei ndogo, mradi zizibe sikio vizuri. Zikilegea, besi inavuja yote. Ukipakua albamu kwa ubora wa juu, wa kilobiti 320 kwa sekunde, itakula MB 80 hivi kwa nusu saa na ushee wa muziki. Ukichagua ule wa kubana bando, wa 96, ni chini ya MB 25, lakini matoazi ya Hawkins yanageuka kuwa mchakato wa mchanga.

Njia ya pili ni sabufa, na karibu kila nyumba inayo. Tatizo la sabufa ni kinyume cha simu: besi inakuwa nyingi na ya noti moja, inavuma tu. Zima vitufe vyote vya kuongeza besi. Kitufe cha sabufa chenyewe kiweke chini ya nusu. Kisha lisogeze boksi, lisikae kwenye kona. Kona inaikuza besi kwa sababu kuta mbili na sakafu vinarudisha sauti kwa pamoja. Liache sentimita 40 au 50 kutoka ukutani. Unajua umepatia pale unapoweza kuimba laini ya besi kwa mdomo, noti kwa noti. Ukisikia "vuuu" tu, bado. Chumba cha saruji kisicho na dari nacho kinarudisha mwangwi. Pazia zito au godoro lililoegemezwa ukutani mkabala na spika linatosha kupunguza. Na mvua ikianza kupiga mabati, acha mpaka inyamaze.

Njia ya tatu, ninayoipenda, ni santuri yenyewe. Toleo la Marekani la 1969 lina namba SD 33-298 kwenye lebo na kwenye mgongo wa kava. Usitarajie kuikuta kirahisi. Mwaka ule soul ilikuwa na kesi kwetu: Januari 1969 Operesheni Vijana ilianza kupambana na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Novemba muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Santuri za aina hii huku zinatoka kwenye makabati ya wazee, au zinaletwa na mtu anayerudi safari. Ukishindwa kabisa, mwaka 2003 Rhino Handmade waliitoa upya kwenye CD, pamoja na nyimbo nyingine alizorekodi Atco kipindi hicho. Hizo za ziada zinafaa kutafutwa; zinaonyesha kuwa alikuwa na nia ya kuendelea na njia hii kabla hajahama lebo na kupata wimbo wa namba moja, "Gypsys, Tramps & Thieves", mwaka 1971.

Kabla ya kununua santuri ya zamani, itoe nje uishike mlalo usawa wa jicho, kama fundi anavyotazama ubao. Ikipinda kama wimbi, iliachwa juani au kwenye gari. Kupinda kidogo ukingoni kunavumilika. Kupinda kote mkono wa pleya utaruka. Kisha igeuze taratibu upande wa mwanga wa jua. Mikwaruzo inayoonekana lakini kucha haiihisi haina neno. Ile ambayo kucha inakwama, sindano nayo itakwama. Tazama pia tundu la katikati: vimistari vingi vya kijivu kuzunguka tundu ni dalili ya kuwekwa kwenye pleya mara nyingi na mtu asiye na subira. Madoa meupe ya mviringo ni ukungu, ugonjwa wetu mkuu huku ziwani. Unaoshwa, lakini kava lililovimba halirudi.

Kuosha: tumia maji yasiyo na chumvi. Ya bomba na ya ziwa, hata yakiwa meupe, yakikauka yanaacha vijichembe ndani ya mifereji, na kila kijichembe ni mlio. Maji yanayofaa ni ya kuongezea kwenye betri, yanauzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri. Hapa kuwa makini mno: kwenye rafu hilohilo kuna tindikali ya betri, na baadhi ya wauzaji huziita zote mbili "maji ya betri". Soma chupa. Uliza mara mbili. Changanya mililita 800 za maji hayo na 200 za spiriti ya aikoholi ya aisopropili kutoka duka la dawa, weka tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo, basi. Spiriti ya kuwashia, ile ya rangi, usiiguse. Rangi yake na viungo vyake vinabaki kwenye santuri. Lowesha kitambaa laini cha kufutia miwani, futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda ukingoni. Usiloweshe lebo. Suuza kwa maji yaleyale bila spiriti wala sabuni, isimamishe ndani ya nyumba kwa nusu saa. Usiianike juani.

Tahadhari moja inayookoa vitu visivyorudi: spiriti ni kwa santuri za plastiki tu. Zile nzito za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zinazovunjika kama sahani ya udongo, zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti inaiyeyusha shelaki. Makabati ya wazee yana zote mbili zimechanganyika. Hizo za 78 zioshe kwa maji na sabuni pekee, zikaushe upesi.

Sasa umeme. Hili ndilo limewapotosha wengi kuhusu Cher, na linahitaji kuelezwa taratibu. Pleya nyingi za zamani zilizotoka Marekani zina mota inayofuata mapigo ya umeme wenyewe. Marekani umeme unapiga herzi 60. Kwetu ni 50. Watu wananunua transfoma ya kushusha volti 230 kuwa 110, pleya inawaka, wanaridhika. Transfoma inabadilisha volti, haigusi herzi. Mota inazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake, na santuri iliyopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inazunguka karibu mara 28. Sauti inashuka zaidi ya nusu-tone tatu. Kwa mwimbaji mwenye sauti nyembamba ungegundua mara moja. Cher tayari anaimba chini. Ukimshusha tena, anakuwa mwanamume mwenye mafua, ngoma zinaburuta, na kwa kuwa watu wanajua soul ni ya taratibu, wanadhani ndivyo ilivyorekodiwa. Wanaiweka kando wakisema imepooza.

Kujua ni rahisi. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri usiyoijali, weka saa ya simu dakika tatu, hesabu mizunguko. Mwendo sahihi ni mizunguko 100 kamili. Ukipata 83, ni ugonjwa wa herzi. Ukipata 95 au 97, mara nyingi ni mkanda wa mpira uliolegea kwa joto; badilisha. Vile vidoti vya kupimia vilivyochongwa ukingoni mwa sahani ya pleya visikudanganye: mstari wa kwetu wa 33 ni ule wenye vidoti 180, wa Marekani una 216, na taa nyingi za LED hazipepesi kwa namna inayoviwezesha kuonekana vimesimama.

Dawa ya 83 ni puli. Ile puli ndogo ya shaba kwenye mota lazima iwe na kipenyo kikubwa zaidi kwa asilimia 20: iliyokuwa milimita 10 iwe 12. Baadhi ya watengenezaji walikuwa na puli ya herzi 50 ya kununua. Ikikosekana, mfundi wa kukereza vyuma Nyakato ataitoa, lakini mpe ile ya zamani aione, mwambie tundu liwe katikati barabara. Likienda upande kidogo tu, sauti itayumba kila mzunguko, na kinanda cha Beckett ndicho kitakachokuambia, kwa sababu noti zake ndefu zitatetemeka. Kuzungushia gundi ya utepe kwenye puli kunaonekana ni ujanja. Kwa siku mbili inafanya kazi, kisha utepe unateleza kwa joto. Pleya mpya zinazotumia adapta ya volti 12 ya DC hazina shida hii.

Umeme ukikatika na ukawasha jenereta ndogo, pleya za mota ya zamani zizime. Friji likianza kuvuta, jenereta inapungua mwendo, herzi zinashuka, na Cher anateleza chini katikati ya neno.

Kosa linalofuata kwa madhara ni kuchomeka pleya moja kwa moja kwenye AUX. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa kwa makusudi, ili mifereji isiwe mipana: kwenye herzi 50 imepungua kwa desibeli 17 hivi, na kwenye herzi 10,000 imeongezwa karibu 14. Kifaa cha fono, ama kimo ndani ya amplifaya penye tundu lililoandikwa PHONO, ama ni kiboksi cha pembeni, ndicho kinachorudisha vyote mahali pake. Bila hicho utasikia sauti ndogo, kali, yenye mchakato, isiyo na besi. Tena utafungua volyumu mpaka mwisho na bado haitoshi, kwa sababu sindano ya sumaku inatoa milivolti 4 au 5 tu. Ni hapo albamu hii inapouawa kabisa. Ukisikia mvumo usiokoma, ule waya mwembamba wa tatu haujafungwa kwenye skrubu ya ardhi.

Uzito wa sindano: kwa kichwa cha sumaku, gramu 1.5 hadi 2, soma cha kwako kinasema nini. Sawazisha mkono uelee mlalo wenyewe, weka namba kwenye sifuri, ndipo uongeze. Usiweke sarafu juu ya kichwa ili isiruke. Sarafu ni gramu kadhaa, inalima mfereji, na ulichokichimba hakirudi. Inayoruka ina sababu: pleya haijakaa sawa, au sindano imekufa, au sakafu inatikisika mtu akipita. Wenye redio za kabati za zamani, angalieni kile kigeuzi cha sindano kilichoandikwa 78 na LP. Sindano ya 78 ni nene mara tatu hivi. Ukiitumia kwenye santuri ya Cher inapanda kingo za mfereji na kuzikwangua.

Na vile vidudu vya ziwani. Jioni vikija kwa makundi kufuata taa, funika pleya kabla hujafunga dirisha. Kimoja kikinasa kwenye sindano, matoazi yanakuwa ya pamba, na utadhani santuri imechakaa. Futa sindano kwa brashi kavu kutoka nyuma kuja mbele, kila umalizapo upande mmoja wa santuri. Santuri zenyewe zisimamishe wima, mbali na ukuta unaotoa jasho wakati wa masika.

Vifaa vikishatulia, icheze mara ya kwanza ukimfuata Hood peke yake. Mara ya pili wafuate waitikiaji. Wamo Jeanie Greene na Donna Jean Thatcher, huyu wa pili ndiye unayemsikia pia nyuma ya Elvis Presley kwenye "Suspicious Minds". Aliyelelewa na kwaya za Mwanza, mfano AIC Makongoro, atajua upesi wanafanya nini: hawarudii maneno ya kiongozi, wanamsukuma. Mwache Cher mpaka mara ya tatu. Kwenye "Do Right Woman" sikiliza anavyovuta pumzi kabla ya mstari. Hakuna mwangwi wa kuificha, na pumzi hizo ndizo "Believe" ilikuja kuzifuta miaka 29 baadaye.

Wimbo wa mwisho ni "Save the Children". Umeandikwa na Eddie Hinton, mpiga solo wa albamu hiihii. Wapigaji walikuwa na wimbo wao mfukoni, nyota akaukubali, wakampa nafasi ya kufunga. Kama pleya yako haijizimi yenyewe, kaa karibu uinue mkono. Mfereji wa mwisho unazunguka bila kikomo, na sindano inalika hata pasipo na muziki.